Mwasho wa Shambani ni Jeraha la Kazi

Katika visiwa vyetu hakuna asiyeujua upupu. Tangu utotoni tumefunzwa kuukwepa, na aliyewahi kuugusa hahitaji kukumbushwa. Lakini iko mimea mingine inayoumiza ngozi ambayo hatuikwepi, kwa kuwa ndiyo tunayoipanda, tunayoila na tunayoiuza. Mchumaji wa karafuu anayerudi na viganja vilivyopasuka, mama anayebangua korosho na vidole vyake vimebambuka, mtoto aliyevimba midomo katika msimu wa maembe, wote hao huambiwa neno moja tu: vumilia. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kuliita jambo hili kwa jina lake. Hili ni jeraha la kazi, na jeraha la kazi linastahili kukingwa na kutibiwa.

Tuanze na karafuu, zao lililolijenga jina la Unguja na Pemba. Karafuu inapoteremshwa mtini kazi haijaisha. Jamaa hukaa wakalizunguka lundo, wakubwa kwa wadogo, wakachambua: kishada husuguliwa kiganjani mpaka karafuu ziachane na makonyo. Kazi hiyo ikiendelea usiku baada ya usiku, mafuta ya karafuu huzidi kuingia mikononi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu kile kile ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu. Kikizidi, huchoma na kukausha ngozi. Na kwa baadhi ya watu huleta mzio, yaani mwili hukihesabu kuwa adui na kupigana nacho kila kinapoigusa ngozi.

Hapa lipo jambo la kutafakari. Tangu mwaka 2005, sheria za Umoja wa Ulaya zinataka jina la yujenoli liandikwe juu ya kila kipodozi cha kupaka kinachobaki mwilini, endapo kiasi chake kinazidi sehemu 1 katika 100,000. Hivyo mnunuzi wa manukato huko Ulaya huonywa kwa ajili ya tone dogo mno. Mwananchi wetu anayeisugua karafuu yenyewe kiganjani kwa muda wa msimu mzima haonywi na mtu yeyote. Hatuoni haki katika jambo hilo.

Korosho nayo ina ukali wake. Ndani ya ganda lake, kati ya tabaka mbili, yamo mafuta meusi makali yanayotoa malengelenge na kuibambua ngozi; hata moshi wa kuzichomea huwasha macho na uso. Mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja, na utomvu unaoruka kikonyo cha embe kinapokatwa una ukali wa namna hiyo hiyo. Gimbi bichi lina chembe ndogo mfano wa sindano zinazomchoma anayelimenya. Utomvu mweupe wa mnyaa, ambao wengi wetu tumeupanda kuwa ua wa nyumba, ukiingia jichoni waweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa.

Ndimu ndiyo yenye hila kuliko yote. Maji yake yakiwa ngozini kisha mtu akapigwa na jua, baada ya siku moja au mbili ngozi huwa nyekundu na kutoka malengelenge kama aliyemwagikiwa na maji ya moto, kisha hubaki baka jeusi kwa wiki nyingi. Vijana wanaokamua ndimu juani mchana kutwa wafahamu hivyo. Nao wenye desturi ya kupaka ndimu juu ya vipele wajue kwamba wanaongeza moto juu ya moto.

Yafaa ieleweke kwamba mambo haya ni ya namna mbili. Iko mimea inayomchoma kila anayeigusa, na athari yake huonekana upesi. Uko pia mzio, ambao huwashika baadhi ya watu tu, tena huchelewa. Mtu hugusa leo, vipele vikatoka kesho au kesho kutwa. Aweza kuifanya kazi ile ile miaka kumi bila ya taabu, kisha mwaka wa kumi na moja mwili ukaikataa. Na ukishaikataa, aghalabu haurudi nyuma. Kwa sababu ya kuchelewa huko, wengi hawaoni uhusiano kati ya kazi na ugonjwa. Wako wanaodhani wamerogwa, na wako wanaotengwa wasile sahani moja na wenzao, kwa kudhaniwa kuwa wana upele wa kuambukiza.

Twasema waziwazi: vipele vitokanavyo na mzio wa mimea haviambukizi, wala maji yatokayo katika malengelenge yake hayampi mtu mwingine ugonjwa huo. Kumtenga mgonjwa wa namna hiyo ni kumwongezea adhabu asiyostahili.

Kinga yake haina gharama kubwa. Aliyegusa utomvu aoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi, asisahau kucha, na nguo za kazi zifuliwe kabla ya kuvaliwa tena. Wabanguaji wa korosho wapake mikono mafuta ya nazi kabla ya kuanza kazi, na walio na glavu wazivae. Mwasho utulizwe kwa kitambaa kilichochovywa katika maji baridi. Mafuta ya taa yasitumiwe kabisa. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi na mgonjwa apelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa. Afanyiwe hivyo pia aliyevimba uso, anayepumua kwa shida, au ambaye vidonda vyake vimeanza kutoa usaha. Na jamaa wasikimbilie marashi ya kung'arisha ngozi yanayouzwa madukani, kwani mengi yana dawa kali ambazo zikitumiwa ovyo huiharibu ngozi zaidi.

Lakini si haki mzigo wote kumtwika mkulima. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inayataja magonjwa ya ngozi yanayoletwa na vitu vichomavyo na viletavyo mzio kazini. Zanzibar nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2005. Kinachotakiwa ni utekelezaji ufike chini ya mkarafuu na penye chungu cha korosho, usikomee milangoni mwa ofisi na viwanda.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wafanye mambo matatu. Kwanza, katika vituo vya afya kila mgonjwa wa ngozi aulizwe anafanya kazi gani, na jibu lake liandikwe. Pasipo maandishi hayo Serikali haitaujua ukubwa wa tatizo. Pili, mabwana shamba na mabibi shamba, wanapofundisha namna ya kuongeza mavuno, wafundishe pia namna ya kuilinda ngozi ya mvunaji. Tatu, wanaonunua mazao haya wahakikishe kwamba katika msimu, kambi za wachumaji zina maji, sabuni na glavu. Gharama hiyo ni ndogo mno mbele ya thamani ya zao lenyewe.

Wazee wetu walisema, mtu hujikuna ajipatapo. Mkulima amekwisha kujikuna mpaka pale mkono wake ulipofikia. Palipobaki ni mgongoni, na hapo anahitaji mkono wa mwenziwe.