Mistari Kati ya Vigae vya Bafuni: Je, Wakati wa Kuibadilisha Umefika?

Katika nyumba nyingi zinazoinuka hivi sasa Korogwe, kuanzia Manundu hadi kandokando ya barabara kuu iendayo Mombo, na vilevile Handeni mjini na Mkata, bafu la sakafu ya saruji tupu linaondoka taratibu na nafasi yake inachukuliwa na bafu la vigae, au marumaru kama wengi tunavyoviita dukani. Tangu viwanda vya Chalinze na Mkuranga vianze kutoa vigae hapa hapa nchini, bidhaa hiyo imekuwa karibu zaidi na mfuko wa mwananchi wa kawaida, na mwenye nyumba anayejenga kwa awamu hujitahidi kuliwahi bafu kabla hata ya sebule. Ni jambo jema. Lakini anayenunua vigae huchagua rangi, huchagua ukubwa, hupatana bei na fundi, kisha akasahau kabisa kuuliza kuhusu ile mistari myembamba itakayobaki kati ya kigae na kigae.

Mistari hiyo hujazwa kwa saruji laini ambayo mafundi huiita grauti. Wako wanaotumia grauti ya pakiti iliyotengenezwa kiwandani, na wako, nao ni wengi katika miji yetu midogo, wanaochanganya saruji nyeupe na maji na kuipaka kwa kipande cha mpira. Kigae chenyewe kinaweza kudumu miaka mingi bila kuguswa. Grauti haina umri huo. Ndiyo inayochoka kwanza, nayo ikichoka bafu zima limo hatarini, hata kama vigae bado vinang'aa.

Kwa familia ya Kiislamu jambo hili lina uzito wake. Bafuni ndipo ibada inapoanzia: hapo ndipo tunapostanji, tunapooga janaba, na katika nyumba nyingi hapo ndipo tunapotawadha. Hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Malik Al-Ash'ari, ambayo imo katika Sahih ya Imam Muslim, imeipa twahara daraja kubwa katika imani, na hadithi ya Ibn Abbas kuhusu watu wawili waliokuwa wakiadhibiwa makaburini inamtaja mmoja wao kuwa hakuwa akijihadhari na mkojo. Sakafu iliyojaa mitaro midogo isiyokauka, ambamo maji ya kustanjia na mkojo hutuama na kurukia miguu ya anayeingia baadaye, ni sakafu inayoleta mashaka kila siku. Mama hurudia kuosha miguu mara tatu, mtoto huambiwa arudi akanawe tena, na mzee hubaki na wasiwasi hata akiwa juu ya mswala.

Hapo inafaa kutenganisha mambo mawili, maana wengi huyachanganya. Katika fiqhi ya Imam Shafii, inayofuatwa na wengi katika mkoa wetu wa Tanga, asili ya kitu ni twahara hadi ipatikane yakini ya najisi, na najisi ikishaoshwa, alama ya rangi peke yake au harufu peke yake iliyoshindikana kuondoka husamehewa. Kwa hiyo weusi ulioingia ndani ya grauti haumaanishi kwamba sakafu ni najisi, na mwenye wasiwasi na amuulize shekhe wake badala ya kujitesa kwa maji. Jambo la pili ni la ufundi: sehemu iliyobomoka inahifadhi uchafu mahali ambapo maji ya kusuuzia hupita juu tu. Hiyo haiondoki kwa fatwa. Inaondoka kwa kutengeneza.

Tuanze basi na namna ya kuitambua grauti iliyochoka. Dalili ya kwanza huonekana kwa macho: nyufa nyembamba, mashimo madogo, na sehemu ambapo mstari umeshuka chini kuliko ukingo wa kigae. Usitazame katikati ya sakafu tu. Tazama kuzunguka tundu la kutolea maji, tazama pale ndoo inapowekwa na maji yanapomwagikia kila siku, na zaidi ya kote tazama pale sinki la choo cha kuchuchumaa linapokutana na vigae. Kiungo hicho hupata mkojo, maji, sabuni na uzito wa mtu kwa wakati mmoja, na mara nyingi ndicho kinachotangulia kufa wakati bafu lililobaki bado linaonekana jipya.

Dalili ya pili ni ya mkono. Chukua ufunguo au sarafu, upitishe juu ya mstari kwa nguvu ya kawaida. Grauti nzima itakwaruzika kidogo tu. Iliyokwisha itatoa unga au mchanga, na wakati mwingine kipande kizima kitang'oka. Ukiwaona sisimizi wakitoka kati ya vigae na kuacha vijilima vya mchanga, jua kwamba huko chini tayari kuna njia, na palipo na njia ya sisimizi pana njia ya maji.

Dalili ya tatu ni ya rangi, nayo ndiyo inayodanganya zaidi. Udongo mwekundu wa Handeni huingia bafuni kwa miguu na kandambili, na grauti nyeupe hugeuka ya kahawia ndani ya miezi michache. Huo ni uchafu, si ugonjwa. Isugue kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni. Rangi ikirudi, huna sababu ya kumwita fundi. Ama weusi wa ukungu unaosafishwa Ijumaa ukarudi kabla ya Ijumaa nyingine, au weupe wa chumvi unaochanua juu ya mstari kila unapokauka, huo unaonyesha kwamba maji yanaingia ndani na kutoka tena.

Kwa uhakika zaidi, acha bafu likauke siku moja, kisha dondosha matone machache juu ya mistari mbalimbali. Kila grauti ya saruji hunywa maji kidogo, kwa hiyo usishtuke ikibadilika rangi. Linganisha. Pale ambapo tone linazama mara moja kana kwamba limeangukia mchanga, na doa lake likabaki na unyevu muda mrefu kuliko kwingine, hapo pamechoka. Halafu gonga vigae vya jirani kwa kifundo cha kidole. Kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi, mzito. Kilichoachia hulia kama debe tupu.

Iko pia dalili isiyoonekana bafuni kabisa. Nenda chumba kilicho upande wa pili wa ukuta. Rangi ikiwa imevimba na kubanduka chini, karibu na sakafu, wengi husema ni mvua za masika. Wasubiri kiangazi. Ukuta ukiwa bado na unyevu katika miezi mikavu, baada ya wiki kadhaa bila mvua, basi maji hayo hayakutoka mbinguni. Yametoka bafuni, au katika bomba lililopita ukutani, na lazima lijulikane ni lipi kati ya hayo mawili. Ziba tundu la maji kwa kitambaa na kipande cha mpira, jaza maji kina cha vidole viwili juu ya sakafu iliyosafishwa, weka alama ya penseli ukutani, na weka beseni lenye maji ya kina hicho hicho pembeni. Baada ya saa nne au tano, maji ya sakafuni yakipungua zaidi ya yale ya kwenye beseni, tofauti hiyo haikuyeyuka hewani. Iko chini ya nyumba yako. Maji hayo yasimwagwe bure baada ya jaribio. Yanatosha kusukumia choo siku nzima.

Nimetaja kutomwaga maji kwa makusudi. Handeni ni wilaya iliyoishi na kiu kwa miongo mingi. Bomba kuu lililojengwa miaka ya 1970, ambalo watu hulijua kwa herufi HTM, lilikusudiwa kuvuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe kuyapeleka Handeni, na sasa miji hiyo miwili, pamoja na Muheza na Pangani, imo katika mradi wa maji wa miji 28 ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2022 kwa mkopo kutoka India. Anayenunua maji kwa dumu anajua thamani ya kila kopo. Hadithi ya Anas inatujulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Sakafu inayokunywa maji na kumlazimu mtu asuuze mara nne ili aridhike inampeleka mbali sana na kipimo hicho.

Sasa tufike kwenye sababu, na hapa sina budi kusema wazi: katika nyumba zetu, adui mkubwa wa grauti ni asidi. Tunataka bafu liwe safi, tena safi la kuswalia, basi tunanunua asidi ya kuoshea choo na kuimimina sakafuni. Inatoa povu, inatoa harufu kali, madoa yanatoweka, na tunaamini imefanya kazi. Imefanya, lakini povu lile ni saruji inayoyeyuka. Kila unapoimimina, tabaka jembamba la grauti linaondoka, na mahali penye uhaba wa maji hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa asidi haisuuzwi ikaisha. Hubaki mstarini ikiendelea kula. Nyumba zinazosafishwa kwa bidii kubwa ndizo zinazoharibika mapema. Tumia sabuni ya kawaida kwa siku zote, na dawa ya klorini iliyochanganywa na maji mengi pale ukungu unapozidi. Wala usichanganye klorini na asidi hata siku moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu, na bafu zetu ni ndogo, zenye dirisha moja dogo juu. Kinamama na wasichana wa kazi ndio wanaokuwemo humo.

Ikithibitika kuwa grauti imekwisha, kosa la kawaida ni kupaka mpya juu ya ya zamani. Fundi anayekuambia inatosha anakuuzia miezi mitatu. Grauti mpya inahitaji kina cha kushikia, kwa hiyo ya zamani ikwanguliwe hadi angalau theluthi mbili za unene wa kigae, kwa patasi nyembamba au kipande cha msumeno wa chuma. Mashine ya kukatia huharakisha kazi, lakini mkono ukiteleza ukingo wa kigae huvunjika. Anayekwangua avae miwani na barakoa. Vumbi la saruji si la kuvuta. Kisha mistari ioshwe, iachwe ikauke, na mchanganyiko mpya uwe mzito. Maji mengi hurahisisha kupaka, lakini grauti ikikauka hubaki unga.

Juu ya saruji nyeupe, sitamlaumu anayeitumia ukutani, mbali na maji, kwa sababu ya bei. Sakafuni na kuzunguka sinki la choo, gharama ya pakiti ya grauti iliyotengenezwa kwa maeneo ya maji inalipa. Mianya ya zaidi ya milimita 3 inataka aina yenye mchanga mwembamba. Iliyo chini ya hapo inataka laini. Na kwenye pembe, pale sakafu inapokutana na ukuta na pale sinki linapokutana na kigae, usijaze grauti kabisa. Ukuta na sakafu havichezi pamoja, na grauti haina mnyumbuliko, kwa hiyo lazima ipasuke. Jaza silikoni.

Yapo mabafu ambayo grauti peke yake haitayaponya. Vigae vikilia tupu safu nzima kuelekea kwenye tundu, au maji yakituama kwa sababu sakafu ilijengwa bila mteremko, mistari mipya itaficha tu. Hapo ni kung'oa eneo hilo, kurekebisha mteremko, kuweka kizuizi cha maji chini, na kupanga upya. Ni fedha nyingi, na katika nyumba ya kupanga hapo ndipo mvutano unapoanza. Mpangaji anasema nyumba si yake, mwenye nyumba anasema mpangaji ndiye aliyemimina asidi, na wakati huo maji machafu yanashuka ukutani kwa mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hana kosa lolote. Mpangaji atoe taarifa mapema, nyufa zikiwa bado mbili tatu, na mwenye nyumba akague walau mara moja kwa mwaka. Haki ya jirani haisubiri wawili hao wapatane. Kamati za misikiti nazo zikumbuke mahali pa kutawadhia: pale miguu ni mingi, maji hayakauki, na vilivyowekwa ni waqfu wa watu.

Kwa joto la Korogwe, kazi hii ifanywe baada ya Alasiri, jua likiwa limepungua, ili grauti isikauke haraka ikapasuka. Kesho yake inyunyiziwe maji kidogo asubuhi na jioni, na bafu lisitumike kwa siku nzima. Siku tatu ni bora zaidi kabla ya kumwagia maji mengi. Ombeni bafu la jirani mapema, kabla fundi hajaja. Na ile pakiti tupu ya grauti isitupwe. Ikunjeni, muiweke pamoja na vigae viwili vitatu vilivyobaki, maana siku mtakapohitaji kuziba sehemu moja tu, jina la rangi lililoandikwa juu yake ndilo muuzaji wa duka atakalowauliza.