Kukadiria Maafa Melini Vitani: Mfano wa Khedive Ismail

Mkazi wa Eastlands jijini Nairobi hutaja vita kila siku pasipo kukusudia. Kariokor ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza; Burma, soko la nyama, linabeba jina la nchi walikopigana askari wetu katika vile vya pili. Njia ya kwenda Burma ilipita baharini, na hapo ndipo swali la makala haya lilipo: je, maafa ya melini yaweza kukadiriwa kabla hayajatokea?

Wapangaji wa vita hulazimika kuyakadiria ili wajue madaktari, vitanda na damu vitakavyohitajika. Huchukua mapigano yaliyopita, wakahesabu waliokufa na waliojeruhiwa katika kila meli iliyopigwa, kisha wakatafuta wastani kwa kila silaha: kombora, bomu, topido. Wastani huo, kwa maoni yetu, una hila.

Tarehe 12 Februari 1944, Khedive Ismail, meli ya kubebea askari (si manowari hasa) iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa topido mbili na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Abiria wengi walikuwa chini ya sitaha wakitazama tamasha. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297, wengi wao wakiwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Sasa tulinganishe. Mnamo 2 Mei 1982 manowari ya Argentina, General Belgrano, nayo ilipigwa topido mbili. Walikufa 323 kati ya watu wapatao 1,100, kwani haikuzama papo hapo na wengi waliwahi kushuka kwenye maboya. Siku mbili baadaye kombora liliipiga Sheffield ya Uingereza, wakafa 20.

Silaha moja, basi, yaweza kuua asilimia 86 huku na 30 kule. Mkadiriaji hana budi kuuliza kwanza: meli itazama kwa dakika ngapi, na watu watakuwa wapi saa hiyo?

Hata hivyo, lipo jambo gumu kuliingiza katika jedwali. Manowari zilizoisindikiza Khedive Ismail zilitupa mabomu ya kina kuiwinda I-27, nayo ilikuwa imejificha chini ya manusura waliokuwa wakielea.