Leza yaahidi mitambo midogo ya saratani, lakini Garissa haiwezi kusubiri

KWA miaka mingi, mgonjwa wa saratani kutoka Garissa, Wajir au Mandera aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na budi kusafiri hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Kutoka mjini Garissa pekee, mwendo huo ni takriban kilomita 370. Isitoshe, tiba hiyo hutolewa kidogo kidogo, aghalabu siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Mgonjwa alihitaji nauli, malazi na mtu wa kumwachia watoto na mifugo.

Hali ilianza kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, serikali ilipoanzisha vituo vya saratani vya kanda mjini Garissa, Nakuru na Mombasa. Moyo wa kituo cha aina hiyo ni mtambo wa kuharakisha elektroni, yaani chembe ndogo mno zilizomo katika kila atomu.

Ndani ya bomba la shaba, mawimbi yanayofanana na yale ya tanuri la maikrowevu husukuma elektroni hadi zikaribie kasi ya mwanga. Zinapogonga kipande cha metali nzito, hutoa eksirei kali ambazo huelekezwa kwenye uvimbe ili kuua seli zake.

Hata hivyo, shaba ina kikomo. Nguvu ikizidi, cheche huruka na kuliharibu bomba. Anayetaka elektroni zenye nishati kubwa zaidi hulazimika kurefusha bomba.

Mwaka 1979, Toshiki Tajima na John Dawson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipendekeza njia nyingine: kutumia plazma. Hii ni gesi ambayo elektroni zake zimekwisha kung'olewa kutoka kwa atomu, kama inavyotokea katika njia ya radi. Kwa kuwa imekwisha kuvunjika, haina cha kuharibiwa na cheche. Mpigo mfupi wa leza ukipita humo, huacha wimbi nyuma yake, mithili ya mashua inayokata maji ya Mto Tana. Elektroni zinazonaswa na wimbi hilo huchukuliwa nalo kwa kasi ya ajabu.

Leza zenye nguvu ya kutosha ziliwezekana baada ya ugunduzi wa Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka 2006, maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani ilizipa elektroni nishati ya elektronivolti bilioni 1 katika umbali wa sentimita 3 hivi. Mitambo ya kawaida huhitaji makumi ya mita kufanya hivyo.

Je, hospitali zitafaidika vipi? Mitambo ya sasa ya tiba hutumia takriban milioni 6 hadi 18, na bomba lake si refu. Manufaa yanayotarajiwa ni elektroni za milioni 100 hadi 250, ambazo zinaweza kufikia uvimbe ulio ndani kabisa ya mwili bila kugeuzwa kuwa eksirei. Plazma ingewezesha nishati hiyo kupatikana katika chumba cha hospitali.

Lakini leza yenyewe ni kubwa na ghali. Huhitaji chumba kisicho na vumbi, joto lisilobadilika na umeme usiokatika. Nguvu ya elektroni nayo hutofautiana kutoka mpigo mmoja hadi mwingine, jambo lisilokubalika katika kupima dozi ya mgonjwa. Kuta nene za saruji pia zingebaki, kwani mionzi ni mionzi.

Saratani ya umio, ambayo huonekana sana Kaskazini Mashariki, haingoji maabara. Mtambo mmoja wa kanda unaponyamaza, barabara ya Nairobi hurudi kuwa tegemeo. Kwa hivyo vipuri, mafundi, wanafizikia wa tiba na umeme wa uhakika ndivyo vitakavyookoa maisha leo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.