Wazee wanakosa dawa: shida inaanzia kwenye fishi



Kila mwezi napeleka mboga kwenye nyumba moja ya wazee hapa Bukavu. Juzi Sista wa dawa akaniambia: «Mwanangu, dawa ya tansio imeisha tena.» Wote tulilaumu farmasia. Lakini nilipoangalia fishi ya stoku, nikaona kosa ambalo sisi watu wa kilimo tunalijua kwenye depo ya mbegu.

Wazee 12 wanameza amlodipine, kidonge 1 kila siku. Kwa mwezi ni vidonge 360. Mwezi wa kwanza dawa ilichelewa siku 15, basi vikatoka 180 tu. Sista akafanya komandi kufuatana na vile vilivyotoka: 180. Mwezi wa pili dawa ilifika kwa wakati, lakini ikaisha katikati ya mwezi. Fishi haijui kama mzee hakuhitaji dawa ao aliikosa. Ndivyo ukosefu unazaa ukosefu.

Namna ya kurekebisha ni hii: gawanya vidonge vilivyotoka kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, kisha zidisha mara 30. 180 kwa siku 15 ni 12. Mara 30 ni 360. Tena, usingoje sanduku liwe tupu. Kama dawa inachukua mwezi kufika, fanya komandi wakati uko bado na ya mwezi mzima na akiba juu, sababu barabara zetu tunazijua. Na siku mzee amekosa dawa, iandikwe kwenye karatasi yake, daktari aione.

Tansio inapanda kimyakimya, mtu haumwi palepale. Mwenye kifafa akikatiwa phenobarbital ghafla, anaweza kuanguka mara kwa mara. Na dawa ikirudi, asimeze mara mbili kufidia, aulize muganga.

Katika zile siku, mama mmoja alipooza upande wa kuume. Siwezi kusema ni sababu ya dawa tu. Lakini karatasi yake ilikuwa na siku 15 nyeupe, na hakuna aliyejua kuzisoma.

Hesabu hii kila mmoja wetu anaiweza. Kama kuna nyumba ya wazee karibu nawe, pita siku moja, uombe kuona fishi.