Kimea Kikiota Ukungu Usikitwange: Chachu ya Komoni Wakati wa Masika

Leo mpunga tuuache kidogo.

Juzi nilipita Kibaoni, hapa hapa Ifakara, kwa mama mmoja anayepika komoni. Mvua haikatiki, kwa hiyo kimea chake cha ulezi alikianika ndani, juu ya gunia. Nilipogeuza lile tabaka la juu, chini kulikuwa na ukungu wa kijani na harufu ya uvundo. Akaniambia, "Bwana shamba, nikikitwanga kikapikwa, huo ukungu si utakufa?" Ilikuwa karibu debe zima, na ndiyo hela ya ada ya mtoto.

Ukungu utakufa, mama, lakini sumu yake haifi. Sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Na jirani zetu wa Msumbiji, Januari 2015 pale Chitima, mkoa wa Tete, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, aliyeipika naye akiwemo. Watu wakasema ni nyongo ya mamba (hata huku kwetu tungesema hivyo hivyo). Vipimo vikaja kuonyesha ni sumu ya bakteria waliokuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo nayo haiogopi moto.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kimea kina kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza wanga wa uji kuwa sukari, ndiyo maana togwa inakuwa tamu bila kutia sukari. Ya pili ni kubeba chachu, wale wadudu wadogo wasioonekana wanaokula hiyo sukari na kutoa kilevi na povu. Ukikimwaga chote kwenye uji unaochemka umeua vyote viwili, halafu unalalamika pombe imelala.

Loweka ulezi usiku mmoja, chuja maji, funika kwa gunia safi au majani ya mgomba na unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimea vinachomoza. Hapo usichelewe, anika. Kiangazi jua linamaliza kazi, ila masika haya tandaza tabaka jembamba sana kwenye kichanja juu ya jiko, moto mdogo tu, na ugeuze mara kwa mara. Moto mkali unaua nguvu ya kimea. Kikikauka sawasawa, punje inakatika "ka!" ukiing'ata.

Ya kuanzishia chachu, mimi nashauri usisubiri siku ya kupika. Jioni ya kuamkia siku hiyo chukua lita moja ya uji mwepesi uliopoa mpaka kidole kinavumilia bila shida, tia konzi mbili za kimea na nusu kikombe cha machicha ya pombe iliyopita, ile iliyotoka vizuri. Funika kwa kitambaa, usikaze mfuniko. Asubuhi ukikuta povu na harufu ya kuchachuka kama matunda, chachu iko hai, mimina kwenye pipa la uji uliopoa. Hakuna povu, au kuna utando wa rangi rangi juu? Mwaga hiyo lita moja. Afadhali upoteze lita kuliko pipa zima. Kama huna machicha, kijiko kimoja cha hamira ya maandazi kinafanya kazi, ingawa wanywaji wazoefu watakuambia ladha si ile.

Na leseni ya kuuza usiisahau, mgambo hawana utani.

Kile kimea cha yule mama tulikifukia shimoni. Aliuliza kama apewe kuku, nikakataa, sumukuvu inaua kuku pia. Machicha ameazima kwa jirani, na ulezi mwingine ameuloweka Jumanne.