Lupopo katika makundi ya Afrika: furaha iko, lakini deni la 2002 lingali

Tuanze na hesabu, kwa sababu mtu wa mgodi anapenda hesabu mbele ya maneno. Hapa Lubumbashi, mwezi wa Oktoba, Saint-Éloi Lupopo ilipiga Orlando Pirates 3-0. Kisha tarehe 25 Oktoba, kule Soweto, Orlando Pirates nayo ikatupiga 3-0. Tatu kwa tatu, hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Ikabaki penalti, na kwa penalti tukashinda 5-4. Hivi njo timu yetu iliingia kati ya timu 16 za makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, msimu huu wa 2025-2026. Na katika hizo timu 16, ya Kongo ni moja tu: Lupopo.

Sisi basupota wa manjano na bulu, tuliopokea timu hii kwa bababa zetu kama vile mtu anapokea jina la ukoo, tulingojea neno kama hili muda mrefu. Ule usiku, kutoka Kenya mpaka Likasi, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, bantu balilia. Wengine walilia mara mbili: mara ya kwanza wakati goli la tatu la Soweto liliingia, mara ya pili wakati penalti ya mwisho ilitupa ushindi.

Lakini tunaandika haya si kwa kulia tu. Tunaandika kwa sababu msimu unaoanza muzuri ni kitu cha hatari. Mtu anaweza kuupoteza kwa furaha peke yake.

Timu ya reli, timu ya shaba

Kwa vijana wasiojua: Lupopo ilizaliwa 1939, kati ya watu wa reli. Mpaka leo tunaitwa Cheminots. Na jina la Saint Éloi halikuja bure. Éloi alikuwa fundi wa dhahabu kule Ufaransa, miaka zaidi ya 1.300 iliyopita, kisha akawa askofu. Kanisa linamkumbuka tarehe 1 Desemba, na mafundi wote wa chuma walimchukua kuwa mlinzi wao: wenye kupiga chuma, wenye kuyeyusha, wenye kutengeneza mashine.

Sasa, reli ya Katanga ilikuwa na kazi gani? Ilifika mjini hapa 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha Lubumbashi kikaanza kuyeyusha shaba. Treni ilileta makaa, ilitoa shaba. Bila reli, shaba ingelala hapa. Bila shaba, reli ingekuwa ya nini? Kwa hiyo mtu wa mgodi na mtu wa reli walikuwa kama mikono miwili ya mtu mmoja, hata kama mmoja alikaa site ya Union Minière na mwingine site ya BCK. Siku ya Mungu, saa ya mpira, walikutana.

Leo mambo yamegeuka. Shaba na kobalti zinatoka kwa makamio. Kila mtu aliyepita barabara ya Kasumbalesa anajua ule mstari usioisha, na vumbi lake, na hatari yake. Treni imekuwa kitu cha kuhadithia batoto, ijapokuwa kule upande wa Dilolo wameanza tena kupitisha shaba kwa reli mpaka bandari ya Lobito. Reli imezeeka, lakini timu ya reli ingali inakimbia. Kwa sisi hilo peke yake ni sababu ya kuipenda.

Kundi letu ni moto

Wametutia katika kundi C. Tusijidanganye, tutazame majirani wetu mmoja mmoja.

Kwanza Mamelodi Sundowns ya Pretoria. Hao walichukua kombe hili 2016, na mwaka huu wa 2025 walifika fainali, wakapigwa na Pyramids ya Misri. Ni timu ya familia ya Motsepe, tajiri wa migodi ya Afrika Kusini. Patrice Motsepe mwenyewe njo president wa CAF tangu 2021. Ndugu zetu wa mgodi waelewe vizuri: kule franga za migodi zimeingia ndani ya mpira, zimejenga timu, zimelipa wachezaji, na matunda yanaonekana.

Pili MC Alger, timu iliyoanza 1921. Mwaka 1976 ilikuwa timu ya kwanza ya Algeria kuchukua kombe hili la mabingwa. Kwenda kucheza kule kaskazini, kila Mkongomani anajua maana yake: makelele, moshi, baridi, na mwamuzi anayeangalia saa.

Tatu Al Hilal ya Omdurman. Hapa tuseme kwa heshima. Tangu Aprili 2023 vita ya Sudan imewafukuza nyumbani. Msimu uliopita walikubaliwa kucheza ligi ya Mauritania, mbali na mji wao. Timu isiyo na kiwanja chake, isiyolala nyumbani, na ingali inafika makundi: hiyo ni timu ya kuogopa. Sisi watu wa Kongo, ambao ndugu zetu wa mashariki wanalala chini ya hema juu ya vita, tunajua nini inawasukuma.

Mechi ni sita. Timu mbili kwa nne zinapita kwenda robo fainali. Hesabu yetu ya nyumbani ni hii: kushinda mechi tatu za Lubumbashi, pointi tisa, na kutafuta hata pointi moja kule nje. Ni ngumu, lakini si ndoto. Orlando Pirates si timu ya mchezo: walikuwa mabingwa wa Afrika 1995, na msimu uliopita walifika nusu fainali ya kombe hili hili. Kama tuliweza kuwapiga tatu hapa, Lubumbashi iko na nguvu yake.

Ila Soweto ilituonyesha na ule upande mwingine. Goli tatu za nyumbani ziliisha zote kwa dakika 90. Mtu anayefanya kazi ya chini anajua: ukisha kutia mti wa kushikilia dari, huendi kulala chini yake bila kuuangalia tena. Tulitia mti muzuri hapa, kisha tukasahau kuuangalia kule.

Na tusisahau majirani. Katika kundi A iko Power Dynamos ya Kitwe, pale tu nyuma ya mpaka, mji wa shaba kama yetu. Katika makundi mengine ziko Simba na Yanga za Tanzania. Basi mwaka huu ukisikiliza matangazo ya kombe hili, utasikia Kiswahili mingi, na utasikia harufu ya shaba pande mbili za Kasumbalesa. Ni jambo la kujivunia.

Deni la 2002

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Lupopo ilikuwa bingwa wa nchi 1968. Ikarudia 1981, 1986 na 1990. Mara ya mwisho ilikuwa 2002. Kutoka pale mpaka leo, hapana.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo eko na miaka 23. Anaendesha gari kubwa la karieri, au eko ba-creuseurs na gunia mgongoni. Eko na mke, labda na mtoto. Na toka pale hajaona hata siku moja Lupopo ikiwa bingwa wa nchi. Anaipenda kwa neno la baba tu.

Na tukumbuke kitu kilichofuata. Mwaka 2003 njo ilianza ile « départ volontaire » ya Gécamines. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kazini. Katika nyumba mingi za Lubumbashi, za Likasi, za Kolwezi, mambo haya mawili yamekaa kitanda kimoja: ubingwa wa mwisho wa baba na mshahara wa mwisho wa baba. Wazee wengi wamekufa toka pale, na hawakuona la pili kurudi, wala moja wala lingine.

Upande wa pili wa mji, Mazembe, iliyozaliwa 1939 kama sisi, ilichukua ubingwa wa nchi zaidi ya mara kumi tangu ule mwaka. Ikachukua Afrika 2009, 2010 na 2015, juu ya yale makombe mawili ya 1967 na 1968. Desemba 2010 ilicheza fainali ya dunia na Inter kule Abu Dhabi, Kidiaba akiruka kwa matako mbele ya dunia nzima. Tuseme kweli: wengi wetu tulishangilia siku zile, lakini mlango ulikuwa umefungwa na redio ilikuwa chini.

Nani atashangaa, basi, kuona batoto wa site leo wanavaa nyeusi na nyeupe? Mtoto anapenda kinachoshinda. Huwezi kumlisha bukari ya mwaka 2002. Baba anamwambia « sisi ni watu wa Lupopo », mtoto anauliza « juu ya nini? », na baba anaanza kuhesabia watu waliokufa. Hapo njo urithi unakatika. Haukatiki kwa fujo. Unakatika mezani, wakati wa chakula, mtoto akichagua timu nyingine na baba akikosa neno la kumjibu.

Kwa hiyo msimu huu si wa makundi tu. Makundi ni sherehe. Deni ni kombe la nchi. Msimu uliopita lilikwenda Kinshasa, kwa Aigles du Congo. Mwaka huu tunalitaka hapa.

Tunaomba nini

Kwa viongozi tunaomba mambo machache, bila matusi.

La kwanza, wasisahau ligi ya nchi. Hii njo hatari kubwa. Timu inakwenda Pretoria, inakwenda Algeria, inarudi imechoka, na siku ya nne inacheza kwenye kiwanja kibovu na timu ndogo iliyolala vizuri. Pale njo pointi zinapotea, moja moja, na mwisho wa msimu tunasema « hatukuwa na bahati ». Si bahati. Ni miguu. Kikosi kiwe kirefu, na mchezaji wa akiba apewe mechi mbele ya kuombwa kufanya muujiza.

La pili, franga. Tangu 2023, timu inayofika makundi ya Ligi ya Mabingwa inapata kwa CAF dola 700.000, hata ikimaliza ya mwisho. Kwa mtu mmoja ni mingi, kwa timu ni mafuta ya safari tu kama haikuangaliwa. Tunaomba sehemu yake iende kwa batoto: mipira, viatu, makocha wa vijana pale Kenya, pale Kolwezi, pale Likasi. Mtoto aliyefundishwa mpira na Lupopo hatamuuliza baba « juu ya nini ».

La tatu, wachezaji. Tunajua namna inavyokwenda: kijana akifunga goli mbili mbele ya televisheni ya Afrika, Januari simu inalia. Hatusemi mtu afungwe. Kila mtu anatafuta maisha, na sisi wenyewe tulihama mji kwa mji kufuata kazi. Tunaomba tu, kama mmoja anaondoka, mwingine awe tayari.

Na kwa sisi wenyewe basupota, neno pia liko. Derbi ya Lubumbashi imekwisha kumwaga damu mara mingi kupita haya. Jiwe linalotupwa na mtu wa Lupopo halihesabiwi goli. Linaleta faini, linafunga kiwanja, linaacha timu icheze mbele ya viti vitupu. Zaidi ya hapo, ule unayemtupia ni mwenzako wa poste moja. Kesho asubuhi utashuka naye chini, na ni yeye atakayepiga kelele kama jiwe la dari linaanguka upande wako. Tucheke nao, tuwachokoze, tuwakumbushe kwamba mwaka huu wao banaangalia na sisi tunacheza. Inatosha.

Kwa bamama zetu, ambao siku ya mechi wanapika mapema na kufunika sahani wakijua hakuna mtu atakayekula kama tumepigwa: asante. Mkae karibu na batoto saa ile. Mtoto anajifunza timu kwa kuangalia uso wa watu wazima.

Safari ya kwanza ni Pretoria, mwezi huu wa Novemba. Wale walio katika poste ya mchana, msipeleke simu chini kwa kutafuta matokeo: mpira si kitu cha kupotezea mkono. Mtasikia mkipanda juu. Na wale wa poste ya usiku, mlale kwanza, mwangalie mechi kisha mwende kazini, hata kama tumeshinda.