Mgando wa Mimumunyo ya Soda Kali Yenye Ukolezi Mkubwa katika Halijoto ya Chini

Kanuni inayofundishwa shuleni kwamba kiyeyushwa hushusha nukta ya mgando ya maji imezaa dhana kuwa kadiri mmumunyo unavyokolezwa, ndivyo unavyozidi kustahimili baridi. Kwa hidroksidi ya sodiamu, yaani soda kali ambayo watengenezaji wa sabuni huiita kostiki, dhana hiyo ni sahihi katika sehemu ndogo tu ya ukolezi. Mmumunyo wa asilimia 20 kwa uzito hubaki kimiminika hadi karibu nyuzi -26 za Selisiasi. Ule wa asilimia 50, ambao ndio unaouzwa na kusafirishwa kwa wingi zaidi, huanza kutoa fuwele karibu na nyuzi 12. Makala haya yanafafanua chanzo cha tofauti hiyo na athari zake katika hifadhi.

Chanzo chake ni haidrati. Mmumunyo hafifu unapopoa, kitu kinachoganda kwanza ni barafu ya maji, na soda hubaki katika kimiminika. Mwenendo huo hukoma kwenye nukta ya utektiki, karibu na ukolezi wa asilimia 19 na halijoto ya nyuzi -28. Baada ya hapo soda na maji huganda pamoja kwa uwiano maalumu. Spencer Pickering, mwanakemia wa Uingereza, alizichunguza haidrati hizo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1893, naye alibainisha kadhaa, kuanzia yenye molekuli moja ya maji hadi yenye saba. Mchoro wa mgando kwa hiyo haushuki moja kwa moja, bali hupanda na kushuka. Kwenye asilimia 39 hivi hufika nyuzi 15 na ushei, kwa sababu ukolezi huo unalingana na haidrati yenye molekuli tatu na nusu za maji. Kwenye asilimia 45 hushuka hadi nyuzi 5 hivi. Kisha hupanda tena, hata kuzidi nyuzi 60 karibu na asilimia 69, ambayo ni haidrati yenye molekuli moja.

Ukolezi wa asilimia 50 haukuchaguliwa kwa kuzingatia baridi. Ulichaguliwa kwa sababu ya gharama za uchukuzi: lita moja ina uzito wa kilo 1.53 hivi, na karibu gramu 760 za uzito huo ni soda yenyewe. Uamuzi huo ni wa busara bandarini, ambako joto haliteremki kufikia nyuzi 12. Sivyo ilivyo katika nyanda za juu kama Limuru, Njombe na Mufindi, ambako usiku wa mwezi Juni na Julai halijoto huteremka chini ya kiwango hicho. Kuuchukulia mgando wa soda kali kuwa tatizo la nchi za theluji, kwa hiyo, hakuna msingi.

Athari ya kwanza huonekana kabla ya mgando wenyewe. Katika nyuzi 20, mnato wa mmumunyo wa asilimia 50 ni takriban mara 70 hadi 80 ya ule wa maji, nao huongezeka haraka halijoto inaposhuka. Pampu iliyopimwa mchana huweza kushindwa alfajiri, ingawa hakuna hata fuwele moja.

Athari ya pili ni fiche zaidi, na ndiyo inayostahili uzito mkubwa. Fuwele zinazojitenga huwa na soda nyingi kuliko kimiminika kinachobaki. Haidrati yenye molekuli mbili za maji ina soda asilimia 52.6. Endapo ndiyo inayojitenga, na mmumunyo ukapoa hadi karibu nyuzi 5 na kufikia msawazo, hesabu ya uwiano inaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya uzito wote huwa fuwele, na kimiminika hubaki na ukolezi wa asilimia 45 au 46. Sampuli iliyochotwa juu ya tangi itatoa jibu sahihi la titresheni kuhusu kimiminika hicho, lakini jibu la uongo kuhusu tangi. Zaidi ya hayo, mmumunyo huu huweza kupoa chini ya nukta yake ya mgando bila kuganda, kisha ukaganda kwa ghafla. Kuona kimiminika tangini si ithibati ya usalama.

Kuyeyusha fuwele kwa mvuke bila udhibiti huleta hatari nyingine. Chuma cha kawaida chenye mkazo kwenye maungio yake huweza kupasuka kinapokutana na mmumunyo wa ukolezi huu katika halijoto inayozidi nyuzi 50 hivi. Kupigapiga bomba lililoziba au kufungua maungio yake ni hatari zaidi, kwani soda iliyofungiwa nyuma ya kizibo huweza kuruka machoni.

Kwa hiyo mhifadhi ana njia mbili: kudumisha joto kati ya nyuzi 25 na 40 kwenye tangi, vali na mabomba, au kupunguza ukolezi hadi asilimia 20 mara mzigo unapopokelewa. Kwa kiwanda kidogo cha nyanda za juu, njia ya pili ndiyo inayofaa, maana haitegemei umeme usiku kucha, japokuwa tangi lazima liwe kubwa takriban mara tatu. Upunguzaji huo hutoa joto jingi. Soda humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya soda, na tangi la alumini halifai kamwe, kwa kuwa soda huila metali hiyo na kutoa gesi ya haidrojeni.